Mke Mkubwa wa Rangi ya Bamia

Kitendawili. Semeni tega, msinikodolee macho.

Nina mke mwenza: ana miguu minne lakini hatembei, hapiki lakini anasifiwa kwa mchuzi, na haogi mpaka mume wetu amwogeshe. Ni nani?

Mmoja amesema kobe. Kobe ananyang'anywa mume na nani? Mwingine pale nyuma amesema ng'ombe, na ng'ombe nimjuaye mimi akisifiwa kwa mchuzi basi ameshakufa. Hamjui. Haya, nipeni mji. Unguja sitaki, nimepewa mara nyingi. Mombasa nimeirudisha wiki iliyopita. Nipeni mji ambao haumo kwenye ramani. Ahsanteni. Basi nilikwenda huko, nikapokewa vizuri, nikala, nikashiba, na haya ndiyo niliyoyakuta. Jibu mtaliona wenyewe njiani.

Nchi ya mji huo haina jina. Jina lilikuwepo, likapelekwa kwenye kamati kunyooshwa kidogo, na kamati haijakutana mpaka leo kwa sababu barua ya mwaliko ni lazima iandikwe jina la nchi juu. Viongozi wake ni watu wema sana. Wanawapenda wananchi hata hawataki wapate tabu ya kujua mambo. Na kila jambo lina ofisi yake: iko ofisi ya vitu vilivyopotea, iko ofisi ya vitu vilivyookotwa, na katikati yao iko ofisi ya tatu inayohakikisha kwamba hizo mbili hazionani.

Katika mtaa mmoja wa huko, uitwao Subiri Kidogo, alikuwa akiishi Bi Sikudhani na mumewe, Bwana Vuai. Sikudhani alikuwa mpishi wa kutafutwa, mwanamke mwenye sauti inayosikika nyumba ya tatu. Vuai alikuwa karani wa mihuri katika Idara ya Barua Zinazongoja, mtu mpole, mwembamba, masikio yake ndiyo yaliyompa umbo. Walikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, na katika miaka hiyo yote Sikudhani hakuwahi kumwonea wivu mumewe hata kwa muda wa kuchemsha yai. Si kwamba alimdharau. Ni vile usivyokionea wivu kinu chako. Kipo, ni chako, nani atakuja kukibeba?

Basi Jumatatu moja asubuhi, gari dogo la rangi ya bamia likaja likiserereka kimya kimya kutoka mlimani, likaingia uwanjani kwao, likajigonga kidogo kwenye pipa la maji, likatulia. Akashuka mwanamke mwenye miwani ya jua, manukato yake yamemtangulia hatua tatu. Huyo alikuwa Bi Shemsa, mkuu wa kitengo kule kazini kwa Vuai. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo kuiwakilisha nchi katika Kongamano la Dunia la Kusubiri, mkutano wa wiki mbili tu. Akamrushia Vuai funguo, akamsalimia Sikudhani kwa kidevu.

"Nakuachieni mgeni wangu," akasema. "Wala msihangaike naye. Vuai analijua gari hili kuliko mimi mwenyewe."

Akapanda teksi iliyokuwa inamngoja, akaenda zake.

Sikudhani akabaki na maneno yale. Analijua kuliko mwenyewe. Analijuaje? Tangu lini? Mtu hulijua gari kwa kulipanda, na kulipanda ni kukaa ndani, na ndani, kwa mbele, kuna viti viwili tu vilivyokaribiana kama magunzi kapuni. Akaweka mkono kiunoni.

"Vuai, umewahi kupanda gari hili?"

Vuai alimtazama mkewe, macho yalivyomtoka, shingo ilivyomsimama. Akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake. Kisha akasema naona kama mvua inataka kunyesha, ngoja nikaanue nguo, akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijafuliwa.

Ndivyo wivu ulivyoingia nyumba ile, na ulipoingia ulikuta nafasi kubwa, maana palikuwa hapajawahi kukaa kitu.

Wiki mbili zikapita. Kongamano la Kusubiri halikumalizika, kwani wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kungoja matokeo. Gari likabaki uwanjani. Kila Ijumaa Vuai alitoka na ndoo na kitambaa, akaliosha. Aliosha taratibu, kuanzia nyuma, na nyuma ndiko alikokawia, akipasugua kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa. Sikudhani alitazama dirishani akipepeta mchele. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe mara ya mwisho kusuguliwa mgongo ilikuwa kabla ya vitambulisho vipya.

Siku moja mumewe akiwa kazini alichukua funguo, akalipekua. Akapata kibanio cha nywele, ganda la peremende, na leso yenye manukato. Akaona pia kwamba kiti cha abiria kimesogezwa nyuma kwa ajili ya mtu mwenye miguu mirefu. Jioni akamwambia Vuai nyoosha mguu nikupime suruali, akampima kwa kamba, na asubuhi akaipeleka kamba kwenye kiti. Vikalingana. Vingelingana pia na mguu wa Mjumbe, na wa muuza samaki, na wa shangazi yake mwenyewe, lakini hao hakuwapima.

Jirani yake Kazija ndiye aliyekuja kumalizia. Kazija alikuwa na wivu wake wa aina nyingine: uwanjani kwake hapakuwa na kitu ila mkokoteni uliovunjika gurudumu, na tangu gari lile lije, wageni wote wa mtaa waliulizia njia kwa kusema pale penye gari. Akakaa mkekani, akaomba maji, akayanywa yote.

"Shoga, sipendi kukuumiza," akasema, "lakini itabidi. Nimewaona kwa macho yangu mawili, asubuhi asubuhi, wala si mara moja. Yule bibi, na gari lake, na mumeo. Na mumeo anahema."

"Anahema?"

"Anahema, shoga, na shati limemganda mgongoni. Zaidi ya hapo sikutazama, nina heshima zangu."

Siku hiyo Sikudhani aliunguza wali kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Vuai alipofika akamuuliza tena lile swali, na Vuai akasema ukoko huu mtamu sana, akaomba aongezewe.

Alichokitaka Sikudhani kilikuwa kitu kimoja tu: gari litoke uwanjani mwake, na mumewe abaki wa kwake peke yake kama alivyokuwa. Kulisukuma hakuweza, kwa kuwa sheria ya nchi inakataza kukisogeza kitu cha ofisa aliye safarini. Basi akajifunga kanga akaenda kwa Bwana Ngwali.

Bwana Ngwali alikuwa Mjumbe wa mtaa, na pia alikuwa Afisa wa Vilivyokaa. Kwa kila cheo alikuwa na kofia yake, na alikuwa mwaminifu sana kwa kofia zake. Sikudhani akamweleza habari yote. Bwana Ngwali akasikitika, akasema kama Mjumbe anamwonea huruma, ila mambo ya gari kukaa ni ya Afisa. Akavua kofia ya kijani, akavaa ya kahawia, akamuuliza Sikudhani shida yake ni nini. Ikabidi aanze upya. Alipomaliza, Afisa akamjulisha kwamba gari litahamishwa bila tatizo lolote mara mwenye gari atakapotia saini mbele ya Afisa na mbele ya gari. Sikudhani akasema mwenyewe yuko ng'ambo. Afisa akasema basi hata Afisa anaweza kumfuata huko, serikali haina ubaguzi, mradi gari nalo liende. Sikudhani akauliza gari litakwendaje huko na haliruhusiwi kusogea. Bwana Ngwali akafikiri, akasema hilo ni swali zuri, na maswali mazuri huulizwa kwa Mjumbe, na Mjumbe ameshatoka.

Sasa sikilizeni lililotokea siku ya tisini na moja.

Waziri wa Makazi wa nchi ile alikuwa amewaahidi wananchi nyumba elfu kumi. Alizihesabu mwenyewe, akapata nane. Mtu mwingine angeona haya, lakini yeye alikuwa mtaalamu, akaunda sheria. Sheria ikasema: chochote chenye mlango, dirisha na paa, kikikaa mahali pamoja siku tisini bila kusogea, hicho ni nyumba, na serikali ndiyo iliyoijenga. Kwa sheria hiyo mtaa mzima ukaanza kukaguliwa. Kazija akatoa kabati lake la nguo nje, akaliweka jua na mvua, na lilipokataliwa kwa kukosa dirisha akalia siku mbili. Vyoo vikapita. Mabanda ya kuku yakapita kwa masharti. Bwana Ngwali alipofika kwa Sikudhani na utepe wa kupimia, akakuta milango minne, madirisha sita na paa lisilovuja. Akavua kofia kwa heshima, zote mbili.

Waziri akaja mwenyewe kuifungua. Mtaa ukafagiwa mpaka pale macho yake yatakapofika. Akasimama mbele ya gari, mkasi mkononi.

"Wananchi," akasema, "maadui zetu walisema hatutajenga. Leo wameumbuka. Nyumba hii ina madirisha yanayofunguliwa kwa kuzungusha. Ina taa mbele na taa nyuma, na nani miongoni mwenu ana taa nyuma ya nyumba yake? Ina usukani, maana yake mwenye nyumba anajua anakoelekea. Nataka kila mwananchi aitazame nyumba hii, arudi kwake, aone haya."

Watu wakapiga makofi. Waziri akakata utepe, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa, akasema ina nafasi. Alipotaka kutoka mlango ukagoma, akatolewa dirishani, na msemaji wake akaeleza kwamba hiyo ni sehemu ya ukaguzi. Kisha likabandikwa kibao cha namba: nyumba namba 14. Sikudhani akauliza ya kwake namba ngapi, kwani ameishi hapo miaka kumi na tisa. Akaambiwa nyumba yake ilijengwa kabla ya daftari, kwa hiyo bado haijatokea. Wamemfikiria hata hivyo. Itakuwa namba 14 na nusu.

Hilo lilimuuma, lakini aliloletewa Alhamisi iliyofuata lilimuuma zaidi. Bwana Ngwali alikuja na daftari la kaya. Nyumba namba 14 imeandikwa jina la Bi Shemsa, mwenye gari. Nyumba hiyo imo ndani ya uwanja wa Bwana Vuai. Na mwanamke mwenye nyumba ndani ya uwanja wa mwanamume, akasema Bwana Ngwali, ni nani yake kama si mke? Kwa kuwa daftari lina safu tatu tu, mke, mtoto na mfugo, wakubwa wamekaa wakaona la kwanza ndilo la heshima. Hivyo Bwana Vuai ana wake wawili. Mke mkubwa yuko namba 14. Mke mdogo yuko namba 14 na nusu.

"Mke mdogo ni nani?" Sikudhani akauliza.

Bwana Ngwali akatazama daftari ili kuwa na hakika. "Ni wewe, Bi Sikudhani. Hongera."

Sikudhani akamgeukia mumewe aseme neno. Vuai alikuwa amesimama pale na masikio yamemwiva. Ukimtazama haraka ungedhani ni aibu. Kwa kweli kulikuwa na kitu kama tabasamu pembeni mwa mdomo, na Sikudhani alikiona, na kikamwingia kama mwiba wa samaki. Mtaani kila mwanamume alikuwa anampa Vuai mkono siku hizo. Watu ambao hawakulijua jina lake sasa walimwita Bwana Wake Wawili. Muuza kahawa alimmiminia wa kwanza. Alianza kutembea kifua mbele, yule mtu ambaye zamani hata mlango alikuwa anaupisha.

Sheria ya nchi ile juu ya wake wawili ni kali sana, kwani viongozi wanapenda haki itendeke katika mambo yasiyowahusu. Ni zamu. Leo mume anakula mchana kwa huyu, kesho kwa yule, na Afisa anapita kuonja ili kuhakikisha hakuna anayepunjwa. Sasa namba 14 hana mikono ya kupikia. Bwana Ngwali akauliza juu, na jibu likashuka kwamba mke mdogo atamsaidia mwenzake mpaka atakapojiweza.

Hebu jiwekeni ninyi hapo. Unapepeta, unakuna nazi, unakaanga, halafu unabeba sinia kwa mikono yako mwenyewe unapeleka kwa mke mwenzako, ambaye hata asante hasemi, amekukodolea taa tu. Vuai hakukaa ndani ya gari. Alisema kuna joto. Alichukua kigoda akakaa nyuma yake, akaegemeza bega kwenye buti, akala pale, na ilionekana wazi kwamba pale ndipo alipopazoea. Sikudhani akajiambia: hata ndani haingii bila ya mwenyewe, kwa jinsi anavyomheshimu. Kwangu mimi huingia na viatu vya matope.

Akaamua kumharibia mwenzake jina. Siku za zamu ya namba 14 akaanza kutia pilipili kichaa konzi nzima kwenye mchuzi, na ndimu mpaka meno yatie ganzi, ili Afisa akionja aandike kwamba mke mkubwa hajui kupika. Siku za zamu yake mwenyewe alipika kwa mkono wake wote, taratibu, nazi ya kwanza na ya pili. Bwana Ngwali akaonja huku na huku kwa mwezi mzima. Machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, na mwisho wa mwezi akaleta cheti chenye muhuri, akakibandika kwenye kioo cha mbele cha gari: Mpishi Bora wa Wilaya. Alimweleza Sikudhani, kwa upole wa mzazi, kwamba chakula chake si kibaya, ila kimepoa poa, na mke mkubwa ana mkono wenye msimamo. Angejitahidi kukaa naye karibu, angejifunza.

Kazija alipokisoma kile cheti alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akanyamaza, kisha akauliza kiwango cha pilipili.

Siku hiyo Sikudhani alifungasha. Aliweka nguo zake katika sanduku, na mwiko wake wa mninga, na kinu akakifunga kamba. Alikuwa na kaka yake bara, angempokea. Lakini kabla ya kuondoka akaamua kwenda mbele ya Baraza la Ndoa na Maegesho, kwa sababu aliambiwa kuna kifungu kimoja kinachoweza kumwokoa. Kifungu chenyewe kinasema: ikiwa mume hakuwahi hata mara moja kuingia nyumba hiyo kabla haijakaa, ndoa haikuwepo, nyumba haikuwepo, na kitu kitaondolewa. Hivyo mambo yote, na ndoa ya miaka kumi na tisa, yakabaki kuning'inia kwenye swali moja, na ni lile lile alilouliza Jumatatu ile na mkono kiunoni. Akajiapiza. Akisema ndiyo, nachukua sanduku langu. Akisema siyo, nafungua kamba ya kinu.

Baraza likakaa. Mwenyekiti akamuuliza Vuai: je, uliwahi kupanda chombo hiki kabla hakijawa nyumba yako? Vuai akanyamaza. Mwenyekiti akaahirisha ili kimya kile kitafsiriwe. Kikao cha pili Vuai akanyamaza tena, na wataalamu wakatoa maoni kwamba kimya cha pili kinafanana sana na cha kwanza. Waziri wa Makazi alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kwamba nchi haiwezi kupoteza nyumba kwa ajili ya wivu wa mwanamke mmoja, hivyo mume akitaka kusema ndiyo, ataongezewa uwanja. Mtaa ulijaa ukumbini. Wanaume wote walimkonyeza Vuai aseme ndiyo. Walikuwa wanamwonea wivu na hapo hapo wanamwombea.

Kikao cha tatu, Mwenyekiti akaingia na barua. Bi Shemsa alikuwa ameandikiwa kule ng'ambo, na amejibu. Sikudhani aliposikia jina lile tu, kucha zikamwingia viganjani. Karani wa Baraza akasimama, akasoma kwa sauti ya kitaifa:

"Nasalimu. Gari nalikumbuka, ni la kijani. Huyo Bwana Vuai mnayemtaja ndiye ninayejaribu kumkumbuka, bado sijafaulu. Kama alikuwa kitengo changu basi ni mmoja wa wale wa nyuma. Gari fanyeni mnavyoona. Kusubiri kunaendelea vizuri."

Ukumbi ukacheka. Kwanza kidogo, halafu wote, Kazija kupita wote, na wale wanaume waliokuwa wanakonyeza ndio waliopiga magoti kwa kicheko. Mwenyekiti naye alijifunika uso na jalada, mabega yakitikisika. Vuai alisimama katikati pale. Kifua kikarudi ndani. Yale masikio ambayo mwezi mzima yalikuwa yamesimama yakaonekana makubwa tena, na peke yake.

Sikudhani alikuwa ameingoja siku kama hiyo. Alikuwa ameiota, mwanamke yule ametoka maishani mwao na mumewe ameaibika mbele za watu. Sasa alipoipata hakuona ladha yake. Kitu kikampanda kutoka miguuni, moto ule ule wa miezi yote, ila sasa kilikuwa kimegeuka uso.

Akasimama. "Amemsahau?" akasema, na sauti yake ilifika nyumba ya tatu. "Mume wangu huyu? Mtu anayekula ukoko na kuomba uongezwe, anayekumbuka siku niliyong'oka jino, huyo ndiye wa kusahauliwa na mwanamke anayelikumbuka bati la kijani?"

Hakuna aliyecheka tena. Karani akauliza kama hayo yaandikwe, na Mwenyekiti akamwambia andika, huwezi kujua.

Sikudhani akatoka mahali pake, akapita kati ya viti, akaenda akasimama mbele ya Vuai kiasi cha mkono mmoja. Hakuweka mkono kiunoni safari hii. Akamuuliza taratibu, kama wanaoulizana chumvi mezani.

"Mume wangu. Uliwahi kulipanda?"

Vuai alimtazama mkewe, wala hakulitazama Baraza. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, lakini akajikaza.

"Siku ile uliponiuliza," akasema, "ulikuwa umetuna kama chatu. Nikajiuliza, huyu anakasirika nini? Nikagundua ni wivu. Juu yangu mimi, Sikudhani. Miaka kumi na tisa sijawahi kukuona hivyo. Nikasema moyoni, nikimjibu ataacha. Basi nikawa nanyamaza siku moja, halafu siku nyingine, na wewe ukawa unazidi, na mimi nikawa najiona mtu." Karani aliinua kalamu. "Sijalipanda hata siku moja. Lilikuwa haliwaki asubuhi. Nilikuwa nalisukuma tokea kwake mpaka penye mteremko, likiwaka anakwenda zake, na mimi nakwenda kazini kwa miguu."